Kalipa za gari la zamani: uzifumue au ununue nyingine?

"Kalipa imekufa." Hukumu hiyo juu ya kalipa, kile kibanio cha breki kinachoibana diski nyuma ya gurudumu, nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi mshitakiwa hana kosa. Gari limekaa miezi kadhaa chini ya mwembe, mwenyewe anarudi kutoka safari, analiwasha, linavuta upande au gurudumu linanuka kuungua. Fundi anachungulia nyuma ya tairi na kutamka. Kesho yake mwenye gari yuko kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, anatafuta kalipa "mpya", na ile iliyosubiwa kiwandani inauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Nitatumia Mercedes-Benz W123 kama mfano, lile umbo lililoingia sokoni mwaka 1976 na kukoma 1986, kwa sababu ndilo nililolifungua zaidi. Kalipa yake ya mbele imefungwa kwa boliti haichezi, na ina pistoni mbili zinazotazamana, moja kila upande wa diski. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni zinasukuma pedi, pedi zinaibana diski. Kinachorudisha pistoni nyuma si springi. Ni raba ya mviringo iliyokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa, ambayo ukiikata utaona umbo la mraba. Pistoni ikitoka, raba inapindika. Ukiachia pedali, raba inajinyoosha na kuivuta pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Kwa hiyo kushika na kuachia kwa breki kunategemea vitu viwili: uzima wa raba hiyo, na ulaini wa ngozi ya pistoni, yaani uso wake wa nje. Mwili wa kalipa wenyewe ni nyumba tu, na nyumba haifi upesi.

Magari mengine ya umri huo yana kalipa inayoteleza, yenye pistoni upande mmoja na pini mbili za kutelezea. Maelezo mengi ya hapa yanazihusu pia; pale yanapotofautiana nitasema.

Kabla hujashika spana

Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vigingi. Vumbi jeusi la pedi usilipulize kwa kompresa, hata kama karakana nzima inafanya hivyo: pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe. Mafuta ya breki nayo yanakula rangi ya gari. Weka ndoo ya maji karibu, likidondoka tone uoshe papo hapo.

Dalili ya kwanza: gurudumu moja linachemka, gari zito, harufu ya kuungua

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, na ndiyo inayopoteza kalipa nyingi bure. Hakikisha kwanza kwamba kweli ni gurudumu moja. Endesha kilomita kama 10 kwenye barabara tambarare ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha dondoshea habu (kitovu) ya kila gurudumu matone mawili ya maji. Moja likichemsha maji na mengine yakiyaacha yatiririke, umempata. Usiguse diski kwa mkono.

Sababu ya kawaida kabisa ni pedi zenyewe kunasa. Kutu na vumbi vinajaa kwenye nafasi ambamo pedi hukaa, pedi zinashindwa kurudi, zinabaki zinasugua. Ng'oa pini mbili na ile springi yenye umbo la msalaba, kisha jaribu kuzitoa. Pedi nzima hutoka kwa kuvutwa na kutikiswa kidogo. Ikibidi uitoe kwa nyundo, umeshapata jibu. Kwangura nafasi zake kwa brashi ya waya, zirudishe, jaribu tena. Dakika 20, bila kununua chochote.

Pedi zikiwa huru na gurudumu bado linashika, fanya jaribio hili ambalo ningependa kila fundi alifanye kabla ya kutamka neno "kalipa". Gurudumu likiwa hewani, mtu akanyage breki na kuachia mpaka lishike. Kisha:

1. Fungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, robo mzunguko, ikiwa na mpira unaomwaga kwenye chupa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru hapo hapo, kalipa ni nzima. Kulikuwa na presha iliyofungiwa.

2. Funga nipo, kanyaga tena mpaka gurudumu lishike, halafu legeza nati pale paipu ya chuma inapokutana na hosi ya mpira. Gurudumu likiachia sasa, kizuizi kiko juu: masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), au fimbo ya sevo (kopo linaloongeza nguvu ya mguu) iliyobana. Lisipoachia hapo, ilhali kwenye nipo liliachia, mbaya ni hosi.

3. Nipo ikiwa wazi kabisa na gurudumu bado limeng'ang'ania, hapo ndipo pistoni imejamu ndani ya kalipa.

Hosi inahitaji maelezo, maana wengi hawaamini. Kwa nje inaweza kuwa nyeusi, laini, bila ufa hata mmoja. Ndani imevimba na kumeguka, kipande kinaning'inia kama ulimi. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda kwenye kalipa. Raba ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Breki inashika, haiachii. Ukinunua kalipa mpya ukaifunga kwenye hosi hiyo hiyo, baada ya wiki utarudi ulipoanza, safari hii na pochi nyepesi. Hosi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia.

Masta silinda hutambulika kwa kuwa magurudumu mawili au zaidi yanashika pamoja, na pedali inakuwa juu, ngumu, bila ule mchezo mdogo wa mwanzo. Ndani kuna tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye chupa ya mafuta ya breki iliyo juu yake. Likiziba au fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, mafuta hayarudi. Hiyo si kazi ya kalipa wala si kazi ya kujifunzia.

Kwa magurudumu ya nyuma, anzia kwenye hendibreki. W123 ina viatu vidogo vya breki ndani ya kitovu cha diski ya nyuma, na waya wake ukishika kutu gurudumu huchemka vilevile huku kalipa haina habari.

Simama hapa: moshi ukitoka kwenye gurudumu, egesha na uliache lipoe lenyewe. Usilimwagie maji baridi, diski ya moto inaweza kupasuka. Na usijikongoje nalo hadi nyumbani. Joto likifika kwenye mafuta ya breki yakachemka, mvuke unajaa ndani ya paipu na pedali inazama hadi sakafuni. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kwetu pwani, ambako hata chumvi ya mezani inaganda kwenye kopo, unyevu hauchelewi. Anayeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo na mafuta ya miaka sita anacheza na tofauti hiyo.

Dalili ya pili: gari linavuta upande unapokanyaga breki

Kosa la kwanza hapa ni kufungua upande usio na hatia. Gari likivuta kushoto wakati wa breki, kwa kawaida kushoto ndiko kunakofanya kazi. Aliyelala ni wa kulia. Lakini likivuta kushoto hata bila kugusa pedali, basi kushoto kuna kitu kinachosugua, na urudi kwenye dalili ya kwanza.

Pima upepo wa matairi kwanza. Nacheka ninapoandika hivi, lakini nimeona kalipa mbili zikifumuliwa kwa ajili ya tairi lenye upepo nusu. Kisha angalia pedi: grisi ya beringi au tone la mafuta ya breki likigusa pedi, upande huo unateleza, na pedi iliyolowa haifai tena hata ukiichoma na kuipiga msasa. Halafu hosi iliyoziba upande wa kulala, kisha pistoni iliyojamu, na mwisho bushi za mikono ya chini ya mbele, ambazo zikichoka gurudumu husogea lenyewe unapofunga breki.

Kujua kama pistoni imejamu hakuhitaji kung'oa kalipa. Toa pedi, weka kipande cha mbao chembamba badala yake ili pistoni zisitoke zote, na mwenzako akanyage polepole sana. Zote mbili zinatakiwa zitembee. Ikitembea moja, ya pili ndiyo mgonjwa. Kisha zirudishe ndani kwa kuzisukuma na mbao au kishikio cha nyundo, nipo ikiwa imefunguliwa ili mafuta machafu ya ndani ya kalipa yatoke nje yasirudi juu kwenye masta. Pistoni nzima hurudi kwa nguvu ya mikono, pole na sawasawa. Inayohitaji bisibisi kubwa na jasho inakwenda mezani.

Dalili ya tatu: pedali laini, au inazama

Tofautisha aina tatu, maana kila moja ina mwenyewe.

Pedali inayobonyea kama sifongo ni upepo, au hosi kuukuu zinazovimba ukikanyaga. Toa upepo kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta.

Pedali inayoanzia chini kisha inapanda ukipampu mara mbili mara tatu: kwenye magari yenye dramu nyuma, viatu vinahitaji kurekebishwa. Kwenye diski, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Beringi iliyolegea inaiacha diski iyumbe na kuzisukuma pistoni ndani kila unapokata kona, kwa hiyo breki ya kwanza baada ya kona huwa ya chini. Kaza beringi, usiguse kalipa.

Pedali inayozama taratibu ukiwa umeikanyaga kwenye taa nyekundu, na hakuna mafuta yanayovuja popote, ni raba za ndani za masta silinda. Gari hilo lisitembee.

Nina aibu yangu katika kipengele hiki, acha niitoe. Niliwahi kung'oa kalipa zote mbili za mbele nizisafishe na kuzipaka rangi. Nikazirudisha zinang'aa. Kuanzia saa saba mchana hadi adhana ya magharibi nilikuwa natoa upepo, mpwa wangu akipampu mpaka mguu ukamtetemeka, chupa mbili za mafuta zimekwisha, pedali bado sifongo. Tulikwisha kuanza kulisema vibaya duka lililotuuzia raba. Mzee mmoja fundi baiskeli akapita, akainama, akauliza: "Hizo nipo mbona zinatazama chini, kijana?" Nilikuwa nimefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Boliti zinaingia vizuri kabisa, kila kitu kinakubali, ila upepo unapanda juu na tundu la kutokea liko chini. Nipo ziwe juu daima. Angalia hilo pia ukinunua kalipa iliyoandikwa "kulia" kwenye boksi. Soma kalipa, usisome boksi.

Dalili ya nne: mafuta yanapungua

Yakishuka polepole kwa miezi mingi, huenda ni pedi tu zinalika: pistoni zinatoka zaidi, mafuta yanazifuata. Yakishuka kwa wiki, yanavuja. Pitia kwa mpangilio huu: nipo isiyokazwa au isiyo na kofia, washa za shaba kwenye hosi (hazirudiwi, kila ukifungua weka mpya), raba ya pistoni, kisha kiungo cha nusu mbili za kalipa. Sehemu zote zikiwa kavu, chungulia kati ya masta na sevo. Mafuta yanaweza kuwa yanaishia ndani ya sevo bila kuonekana.

Kalipa inayolowa ndani ya raba ya vumbi, ile ya nje inayozuia uchafu usiifikie pistoni, inahitaji kufumuliwa, na hakuna dawa ya kumimina kwenye chupa itakayokuponya na hilo. Inayovuja pale nusu mbili zinapokutana ni kesi nyingine. Boliti zinazoziunganisha si za kawaida, na viwanda vingi vinakataza kuzifungua. Mpelekee mtaalamu wa breki, au ibadilishe.

Kuna msiba mmoja unaostahili kutajwa peke yake: mtu kaongeza oili ya injini au mafuta ya steringi kwenye chupa ya breki, "kwa muda tu". Raba za breki za mafuta ya DOT 3 na DOT 4 zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli, kama oili, huvimba na kulainika kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Dalili ni raba ya mfuniko wa chupa kuwa kubwa hadi haikai, na breki zote kuanza kushika kwa pamoja. Kwa kuhakikisha, weka kijiko kimoja cha mafuta hayo kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji, oili inaelea. Ikielea, gari limesimama. Masta, hosi, raba zote za kalipa vinatoka, na paipu zinasafishwa kwa spiriti. Kufumua kalipa moja hapo ni kupoteza fedha. Kumbuka tu kwamba DOT 5, ile ya silikoni, nayo haichanganyiki na maji, na haichanganywi na nyingine yoyote.

Dalili ya tano: pedi moja imekwisha, mwenzake bado nene

Kwenye kalipa ya pistoni mbili, upande wa pedi nene ndio wenye pistoni iliyolala. Au upande wa pedi iliyokwisha una pistoni isiyorudi. Lile jaribio la mbao litakwambia ni ipi. Kwenye kalipa inayoteleza, laumu pini kwanza: zitoe, zisafishe, zipake grisi ya silikoni inayohimili joto, badili raba zake. Asilimia kubwa ya kazi inaishia hapo.

Kutetemeka kwa usukani unapofunga breki ni diski, beringi au bushi. Kupiga kelele ni pedi. Hakuna kati ya hayo linalokupeleka dukani kutafuta kalipa.

Sasa kalipa iko mezani

Basi imethibitika ni yenyewe. Kabla hujaitenga na gari, tumia breki za gari lenyewe kusukuma pistoni zilegee. Nguvu ya pedali ni kubwa kuliko vifaa vyako vyote na haina kishindo. Zikishasogea karibu na mwisho, fungua hosi, leta kalipa mezani, malizia kwa upepo mdogo wa kompresa na mbao nene katikati. Vidole visiwe mbele ya pistoni hata kwa sekunde moja. Pistoni iliyokataa kwa muda mrefu huruka kama risasi, na mafuta yake huingia machoni, vaa miwani. Iliyokataa kabisa hutolewa kwa bomba la grisi lililofungwa kwenye tundu la nipo, kazi ya uvumilivu, na baadaye grisi yote isafishwe mpaka chembe ya mwisho. Usitumie moto wa gesi.

Piga picha pistoni zilivyokaa. Nyingi za ATE, kampuni ya Kijerumani ya breki, zina sehemu ya mdomo iliyokatwa, nayo ina mwelekeo wake. Ukiigeuza, breki zitapiga kelele maisha yote.

Osha kila kitu kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli na dizeli, ambavyo ndivyo sabuni ya karakana nyingi, haviguswi hapa, kwa sababu ile ile ya oili kwenye chupa.

Anza na pistoni. Pitisha ukucha pole kwenye ngozi yake ya kromu. Doa linalofutika kwa kitambaa si kitu. Shimo ambalo ukucha unalihisi, kwenye eneo ambalo raba inapita, limemaliza maisha ya pistoni hiyo. Msasa utaondoa kromu iliyobaki na kutu itarudi kabla ya masika. Shimo lililo mdomoni kabisa, nje ya njia ya raba, linavumilika. Pwani kutu mara nyingi huanzia chini ya raba ya vumbi iliyopasuka na kutambaa kwenda ndani, kwa hiyo anayebadili raba ya vumbi mapema anaokoa pistoni.

Halafu mfereji wa raba, na hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi wanairuka. Kutu na uchafu vikijijenga chini ya raba, vinaiinua, raba inaibana pistoni kupita kiasi. Unaweza kuweka pistoni mpya na raba mpya ukapata kalipa ile ile inayojamu. Kwangua mfereji kwa kijiti cha mianzi au shaba, si kwa ncha ya chuma, mpaka ung'ae. Kingo zake zikiwa zimeliwa, mwili huo umekwisha.

Ukuta wa silinda wenyewe unatisha wengi bila sababu. Raba imekaa kwenye kalipa na inakaza kwenye pistoni. Haisuguani na ukuta. Mashimo madogo ya ukutani hayavujishi. Hilo ni kwa muundo huu tu. Kalipa za Chevrolet Corvette za mwaka 1965 hadi 1982, kwa mfano, zina raba zilizovaliwa na pistoni na zinazotembea ukutani. Kwao shimo dogo la ukuta linavujisha, na ndiyo maana wanaozikarabati huzivisha slivu (mirija ya kuvika ukuta wa ndani) za chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo usichukue ushauri wa gari moja ukaupeleka kwenye lingine kabla hujajua raba imekaa wapi.

Mwisho mwili: nyufa, nyuzi za boliti za kufungia, nyuzi za hosi, na kiti cha nipo. Nipo iliyokatika ndani si kifo. Fundi mwenye mashine ya kutobolea na mkono mtulivu anaitoa. Akikosea akaharibu kile kiti cha chini, ndiyo kifo.

Ukizipima hizo, uamuzi unajitoa wenyewe. Mwili mzima, mfereji safi, pistoni laini: seti ya raba tu. Mwili mzima, pistoni zimeliwa: raba na pistoni mpya, na kama zinapatikana za chuma kisichoshika kutu na unaishi karibu na bahari, nunua hizo. Mfereji ulioliwa, ufa, nyuzi zilizochubuka au kiungo kinachovuja: badili. Fumua zote mbili za ekseli moja hata kama mbovu ni moja, la sivyo gari litavuta kuelekea ile iliyofufuka.

Kuna sababu nyingine halali ya kubadili, nayo si ya kiufundi: hakuna mtu karibu nawe aliyewahi kufumua kalipa, na wewe hujawahi. Breki si mahali pa kujifunza peke yako kwa mara ya kwanza. Tafuta mtu akae nawe, au nunua zilizokarabatiwa na wanaojua.

Swali la kuchongesha pistoni kwa fundi wa kukereza huulizwa sana. Inawezekana, kwa chuma kisichoshika kutu, kwa fundi anayepima kwa maikromita na kusugua ngozi mpaka iwe kioo. Chuma cha kawaida bila kromu kitaota kutu haraka. Aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka pistoni za injini usikubali: inatanuka kwa joto kuliko chuma, na inajamu pale pale unapoihitaji.

Ukiamua kununua

Pima, usiamini mwaka wa gari. W123 zilitoka na kalipa za ATE na pia za kampuni ya Bendix, pedi zake hazibadilishani, na za mbele za ATE zinapatikana za pistoni za milimita 57 na za 60. Raba ya 60 haiingii kwenye 57 hata uiombe. Kwa magari ya Kiingereza ongeza tahadhari ya nyuzi: hosi ya inchi 3/8 huanza kuingia vizuri kwenye tundu la milimita 10, inakaza kidogo, halafu inavuja au kuchomoka. Nyuzi zikigoma au zikicheza, acha.

Kalipa ya mtumba kutoka gari lililokatwa ina umri sawa na yako. Inunue kwa bei ya mwili wa kufumua, wala usiifunge kama ilivyo. Mpya za bei ya kushangaza zifungue raba ya vumbi kabla ya kulipa uone ngozi ya pistoni. Na ya zamani usiitupe: baadhi ya wauzaji wa kalipa zilizokarabatiwa hudai mwili wa zamani au huongeza bei usipokuwa nao.

Kurudisha

Raba mpya zilainishwe kwa mafuta mapya ya breki au grisi nyekundu ya raba, si grisi ya beringi. Pistoni iingie kwa kidole gumba, imesimama wima. Ikidai nyundo, itoe uanze upya. Boliti za kalipa zikazwe kwa torki (kipimo cha nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari lako. Toa upepo, kisha kabla injini haijawashwa pampu pedali mpaka iwe ngumu. Wapo waliosahau hatua hiyo wakagonga ukuta wa gereji yao wenyewe.

Kwenye barabara tupu, funga breki polepole kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 20, mara kama kumi, ukiacha zipoe katikati. Rudia matone ya maji kwenye habu: kushoto na kulia zipishane kidogo tu. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye chupa ya mafuta usawa wa leo, uandike tarehe. Juma lijalo, asubuhi gari likiwa limepoa, uangalie tena. Mafuta yakipungua hata upana wa kucha, toa magurudumu kabla hujatoka getini.